Katiba, utumwa, elimu au mkate: mjadala upi wa historia ya Marekani uufundishe?

Mwalimu wa Historia akifika kwenye Marekani huwa amebakiwa na vipindi vichache, mtihani umekaribia, na kitabu cha kiada kimemrundikia majina: Hamilton, Jefferson, Lincoln, Roosevelt. Wengi hupitia yote mbio mbio, tarehe ubaoni, wanafunzi wananakili. Kwa njia hiyo tunapoteza jambo lenye thamani kubwa katika historia ya nchi ile: watu wake wamebishana hadharani na kwa maandishi kwa zaidi ya miaka 200, na maneno yao yamehifadhiwa. Mwanafunzi anaweza kuyasoma na kuyapima mwenyewe, ila hawezi kupima mijadala kumi kwa wiki mbili. Afadhali uchague mmoja uufundishe mpaka ukolee.

Kazi ni kuchagua. Hapa nalinganisha minne: kuridhiwa kwa Katiba (1787–1788), Lincoln na Douglas kuhusu utumwa (1858), Booker T. Washington na W.E.B. Du Bois kuhusu elimu na haki za Weusi (1895–1915), na Mpango Mpya wa Roosevelt wakati wa Mdororo Mkuu wa Uchumi. Nimeacha mingine mizuri, kama ule wa benki ya taifa wa 1791 na ule mrefu wa kura ya wanawake uliofikia ukingoni 1920, kwa sababu minne tayari ni mzigo wa kutosha. Ninaowafikiria ni walimu wa sekondari Kenya na Tanzania, ambako mitaala inagusa serikali ya Marekani, Mdororo Mkuu au historia ya watu wenye asili ya Afrika kule Amerika. Nawafikiria pia wazazi wanaozungumza Kiswahili walioko Marekani kwenyewe, zikiwemo familia nyingi za Kikongo, ambao watoto wao wanaletewa mambo haya shuleni na wao wenyewe wanajiandaa kwa mtihani wa uraia.

Vigezo

Cha kwanza ni uhai wa swali. Yapo maswali ambayo watu wenye nia njema bado wanatofautiana: mamlaka yakae makao makuu au mikoani? Serikali iingilie uchumi kwa kiasi gani? Kwa maswali hayo unaligawa darasa pande mbili bila hofu. Na yapo yaliyokwisha: binadamu hamilikiwi na binadamu mwenzake. Hapo hakuna upande wa pili wa kutetewa darasani, ingawa kuna mengi ya kujifunza kwa kuchunguza jinsi ulivyotetewa. Mwalimu asiyetenganisha aina hizi mbili atajikuta amempangia binti wa miaka 16 atetee utumwa mbele ya wenzake, akiamini anamfundisha ufasaha wa kusema.

Cha pili ni maandishi: je, pande zote mbili zimeacha maneno mafupi, yanayosomeka, ambayo mwalimu anaweza kuyapata bure mtandaoni na kuyapiga chapa kwenye karatasi moja? Cha tatu ni muda. Cha nne ni watu waliojadiliwa bila kupewa nafasi ya kusema, maana karibu kila mjadala mkubwa wa Marekani ulikuwa na watu wa namna hiyo. Cha mwisho ni mahali mjadala unapogusa maisha ya mwanafunzi aliye mbele yako.

1. Kuridhiwa kwa Katiba, 1787–1788

*Swali.* Wajumbe 55 walihudhuria mkutano wa Philadelphia, na Septemba 17, 1787, wajumbe 39 wakatia saini Katiba mpya. Ili ianze kufanya kazi, majimbo 9 kati ya 13 yalipaswa kuiridhia. Waliounga mkono, Wafederalisti, walisema bila serikali kuu yenye nguvu nchi itasambaratika. Wapinzani walihofia serikali ya mbali ambayo mwananchi hataiona wala kuidhibiti, na wakalalamika kwamba Katiba haikuwa na orodha ya haki za raia. Kura zilibanana: Massachusetts 187 kwa 168, Virginia 89 kwa 79, New York 30 kwa 27. Wapinzani walishindwa, lakini kelele zao ndizo zilizozaa marekebisho 10 ya kwanza ya Katiba, yaliyokamilika Desemba 1791. Wanafunzi wanapaswa kulijua hilo mapema, kwamba upande ulioshindwa uliacha alama ndani ya kitabu ulichokikataa.

*Uhai.* Swali hili halijafa popote. Kenya ilibishana kuhusu majimbo kabla hata ya uhuru, KADU upande mmoja na KANU upande wa pili, na leo inabishana kuhusu fedha za kaunti. Tanzania ilisikia hoja za serikali mbili na serikali tatu katika Bunge Maalumu la Katiba mwaka 2014. Mwanafunzi hahitaji kusukumwa ili aone uhusiano.

*Maandishi.* Hapa ndipo walimu wengi hukwama. Wanapokwenda moja kwa moja kwenye insha 85 za Hamilton, Madison na Jay zilizotiwa saini ya Publius, jina lao la kubuni, wanakutana na sentensi za nusu ukurasa. Insha ya 51 ina mstari unaokumbukwa daima, kwamba kama watu wangekuwa malaika, serikali isingehitajika. Lakini ukitoka kwenye mstari huo darasa linasinzia.

Mimi napendekeza uanzie mahali pengine, kwenye mkutano wa kuridhia wa Massachusetts, Januari 25, 1788. Siku hiyo Amos Singletary alisimama kuipinga Katiba. Alisema wanasheria, wasomi na wenye fedha, wanaozungumza kwa ulaini ili maskini wasio na elimu wameze dawa, wanatarajia kuingia wao kwenye Bunge, washike mamlaka na fedha zote, kisha wawameze watu wadogo kama nyangumi alivyommeza Yona. Akasimama Jonathan Smith, mkulima aliyejitambulisha kuwa mtu wa kawaida anayeishi kwa jembe la kukokotwa. Akawaambia wakulima wenzake: tuseme una shamba la ekari 50 na hati yako inapingwa, na jirani yako ana ekari 5,000, ni msomi, na hati yake ina matatizo yale yale. Je, hutafurahi awe rafiki yako, kuliko kusimama peke yako kwenye kesi? Michango hiyo miwili inatosha karatasi moja. Darasa la watoto wa wakulima linajua kesi ya hati ya shamba ni nini, na litachukua pande bila kuambiwa.

*Muda.* Vipindi viwili ukitumia wakulima hao wawili. Vinne au vitano ukiongeza insha ya 51, hotuba ya Patrick Henry wa Virginia aliyeuliza waandishi wa Katiba walipata wapi haki ya kusema "Sisi, watu" badala ya "Sisi, majimbo", na mapitio ya yale marekebisho 10.

*Waliokosekana.* Watumwa walihesabiwa kwa tatu ya tano: kila watumwa watano sawa na watu watatu, ili kuwaongezea mabwana zao viti vya uwakilishi, na Bunge likazuiwa kupiga marufuku uingizaji wa watumwa hadi 1808. Wanawake karibu wote hawakupiga kura, ila mmoja aliandika: Mercy Otis Warren alichapisha kijitabu dhidi ya Katiba mwaka 1788 kwa jina la kubuni, na kwa muda mrefu watu walidhani ni kazi ya mwanaume.

*Unamfaa nani.* Mwalimu anayeanza kutumia midahalo, kwa sababu pande zote mbili zina heshima yake. Unamfaa pia mzazi anayejiandaa na uraia, maana kati ya maswali ya mtihani ule kuna linalotaka umtaje mmoja wa waandishi wa insha za Publius. Haumfai sana mwalimu ambaye darasa lake limechoshwa na muundo wa serikali na linataka kusikia habari za watu.

2. Lincoln na Douglas, Illinois, 1858

*Swali.* Je, utumwa uruhusiwe kuenea kwenye maeneo mapya ya magharibi? Seneta Stephen Douglas, mwandishi wa sheria ya Kansas na Nebraska ya 1854, alisema wakazi wa kila eneo waamue wenyewe kwa kura. Abraham Lincoln alisema utumwa ni uovu, usienee. Katikati yao ilisimama hukumu ya Dred Scott ya 1857, ambapo Mahakama ya Juu ilitamka kwamba mtu Mweusi hawezi kuwa raia wa Marekani na kwamba Bunge haliwezi kuzuia utumwa katika maeneo hayo. Walikutana mara 7, kuanzia Ottawa ya Illinois Agosti 21 hadi Alton Oktoba 15. Wa kwanza alizungumza saa nzima, wa pili saa moja na nusu, kisha wa kwanza akarudi kwa nusu saa. Saa tatu nzima, watu wamesimama uwanjani.

*Uhai.* Hapa naomba mwalimu apunguze mwendo. Swali la utumwa limekwisha, kwa hiyo mdahalo wa "tunatetea" na "tunapinga" haufai. Lakini ndani yake kuna swali jingine lililo hai kabisa: je, wengi wana haki ya kuamua lolote kwa kura, hata kuhusu haki za wachache ambao hawakuruhusiwa kupiga kura hiyo? Douglas aliliita jambo lake kujitawala kwa wananchi, na maneno hayo yanavutia mpaka uulize ni wananchi gani. Wape wanafunzi kazi ya kuichunguza hoja: inasimama juu ya nini, inanyamazia nini, nani atalipa gharama yake. Hakuna haja ya yeyote kuigiza.

*Maandishi.* Mengi mno, na ndani yake kuna hazina mbili.

Ya kwanza ni magazeti. Magazeti mawili ya Chicago yalituma waandishi wa hati mkato: Press and Tribune likimpenda Lincoln, Times likimpenda Douglas. Kila gazeti lilinyoosha sentensi za mtu wake na kumwacha mpinzani na makosa yake ya kinywa. Mpe mwanafunzi aya moja ya hotuba ile ile kutoka magazeti yote mawili, umuulize: alisema nini hasa? Sijaona zoezi bora kuliko hili la kufundisha jinsi chanzo cha historia kinavyotengenezwa, na linawafaa vijana wanaopokea video zilizokatwa kila siku kwenye simu zao.

Ya pili ni Lincoln mwenyewe. Andika vipande vitatu kwenye karatasi, bila majina. Kimoja: serikali hii iliundwa na watu weupe kwa faida ya watu weupe na vizazi vyao milele. Cha pili: katika haki ya kula mkate aliouchuma kwa mkono wake bila ruhusa ya mtu, yeye ni sawa na mimi, sawa na Jaji Douglas, sawa na kila mtu aliye hai. Cha tatu: siungi mkono, na sijawahi kuunga mkono, usawa wa kijamii na kisiasa kati ya watu weupe na Weusi kwa namna yoyote. Waulize nani alisema kipi. Kipande cha kwanza ni cha Douglas na cha pili cha Lincoln, vyote vya Ottawa. Cha tatu watampa Douglas, na hicho ni cha Lincoln, Charleston, Septemba 18. Acha kimya kipite kidogo kabla ya kuendelea. Mtu huyo huyo ndiye aliyetoa tangazo la kuwaacha huru watumwa miaka minne na miezi michache baadaye. Je, alibadilika, au alikuwa akiwapima wapiga kura wa Illinois ya kati? Wanahistoria bado wanalibishania, na hapo darasa linaweza kugawanyika kwa haki kabisa.

*Muda.* Vipindi vitano si vingi. Bila kueleza sheria ya 1854 na hukumu ya 1857, wanafunzi hawatajua hawa watu wanagombania nini. Kumbuka pia kueleza kwamba wakati ule seneta alichaguliwa na bunge la jimbo. Ndiyo maana Douglas alirudi kwenye kiti chake kwa kura 54 dhidi ya 46 za wabunge, na Lincoln akatoka na jina lililomfikisha kwenye urais 1860.

*Waliokosekana.* Hakuna Mweusi hata mmoja aliyepewa jukwaa, ingawa mjadala mzima ulikuwa juu yao. Usifundishe somo hili bila kumwingiza Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa, akatoroka, akawa mhariri na msemaji mashuhuri kuliko wengi wa zama zake. Hotuba yake ya Julai 5, 1852, kuhusu maana ya sikukuu ya uhuru kwa mtumwa, ina aya za kutosha kulijibu jukwaa lote la Illinois. Angalia tu majina yasichanganywe: seneta ana herufi s moja mwishoni.

*Unamfaa nani.* Darasa lililokomaa, la kidato cha tano na sita, na mwalimu asiyeogopa kimya cha darasa. Kama unao wanafunzi wachache Weusi katikati ya weupe wengi, hali ya kawaida kwa watoto wetu walioko Ulaya na Amerika ya Kaskazini, usisome maneno ya Douglas kwa sauti bila kuwaandaa wote mapema.

3. Washington na Du Bois, 1895–1915

*Swali.* Watu walionyang'anywa kura na kutengwa kwa sheria waanzie wapi: kwenye ufundi, mali na heshima ya kazi, au kwenye haki za kisiasa na elimu ya juu? Booker T. Washington, aliyezaliwa utumwani na kuiongoza shule ya Tuskegee huko Alabama tangu 1881, alihutubia maonyesho ya Atlanta Septemba 18, 1895. Aliwaambia watu wake watupe ndoo pale pale walipo, yaani wajenge maisha kusini kwa kilimo, ufundi na biashara. Kisha akainua mkono: katika mambo ya kijamii tunaweza kutengana kama vidole, lakini tukawa kitu kimoja kama mkono katika yote ya maendeleo yetu sote. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ikahalalisha ubaguzi katika kesi ya Plessy.

W.E.B. Du Bois mwanzoni alimpongeza kwa hotuba hiyo. Mwaka 1903, katika sura ya tatu ya kitabu chake The Souls of Black Folk, akamjibu: Washington anawaomba Weusi waache mambo matatu, nguvu ya kisiasa, madai ya haki za raia, na elimu ya juu ya vijana wao, na walichopata badala yake ni kunyimwa kura na kudhalilishwa.

*Uhai.* Ni hai, na pande zote mbili zilikuwa za watu walioonewa wakitafuta njia ya kutoka. Hakuna mwanafunzi atakayeaibika kwa kupewa upande wowote. Kati ya minne hii, huu ndio unaomlazimisha mwanafunzi afikirie mkakati: ukiwa huna bunduki wala kura, unaanza na nini? Tena ukweli hauko wazi kama unavyoonekana kwa juu. Washington, aliyeonekana kunyenyekea hadharani, alikuwa kwa siri akigharamia kesi za kupinga kunyimwa kura, ikiwemo ile ya Giles iliyofika Mahakama ya Juu 1903. Toa habari hiyo kipindi cha mwisho, baada ya wanafunzi kumhukumu, uone watakaobadili msimamo.

*Maandishi.* Bora kuliko yote manne. Hotuba ya Atlanta ni fupi, sura ya Du Bois inapunguzika bila kuharibika, na Kiingereza chake chote kinafikika kwa kidato cha tatu.

*Muda.* Vipindi vitatu.

*Waliokosekana.* Wanawake, hasa Ida B. Wells, ambaye mitambo ya gazeti lake huko Memphis iliharibiwa 1892 kwa kuandika dhidi ya mauaji ya kunyonga watu bila kesi. Swali lake liliwapita wote wawili: ufundi na shahada vitakufaa nini ikiwa unaweza kunyongwa kesho na asishtakiwe mtu?

*Unapogusa.* Mjadala huu ulifika kwetu, na wengi wetu hatukufundishwa hivyo. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes, mfuko wa hisani wa Marekani, ilizunguka Afrika Mashariki ikichunguza elimu ya Waafrika. Mmoja wa wajumbe wake alikuwa James Aggrey wa Gold Coast (Ghana ya leo), na kielelezo kikubwa cha tume kilikuwa elimu ya vitendo ya shule za Weusi za Hampton na Tuskegee. Mwaka 1925 shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete kufundisha walimu wa vijijini kwa mtindo huo. Wakati huo huo Wakikuyu walikuwa wakielekea kuanzisha shule zao huru, wakitaka Kiingereza na elimu ya vitabu, kwa kuhofia kwamba jembe la shuleni lilikuwa njia ya kuwaweka chini. Hoja ya Du Bois ilikuwa ikisemwa na wazee ambao huenda hawakuwahi kusikia jina lake.

Ukiwa Tanzania, unaweza kwenda mbele zaidi, kwenye Elimu ya Kujitegemea ya 1967, na mpaka mkondo wa amali ulioanza sekondari mwaka 2024. Mwanafunzi atauliza: je, tunarudi kwa Washington? Mwache alijibu mwenyewe, lakini mwongoze aangalie nani anaamua. Nchi huru inayochagua ufundi kwa watoto wake wote, na mkoloni anayewapangia ufundi watoto wa wengine huku wake wakisoma sheria, hawafanyi jambo moja.

*Unamfaa nani.* Karibu darasa lolote la Afrika Mashariki, na hasa wanafunzi wanaokaribia kuchagua tahasusi au chuo. Ila hautakusaidia kueleza jinsi serikali ya Marekani inavyofanya kazi; ukitaka mihimili mitatu na mgawanyo wa madaraka, nenda kwingine.

4. Mpango Mpya wa Roosevelt, 1932–1937

*Swali.* Mwaka 1933 karibu robo ya wafanyakazi wa Marekani hawakuwa na kazi. Je, serikali kuu iwajibike moja kwa moja kwa mkate wa raia? Rais Herbert Hoover, akihutubia New York Oktoba 31, 1932, alisema uchaguzi ule ni shindano la falsafa mbili za serikali, na akaonya kwamba mabadiliko yanayopendekezwa yangebomoa misingi ya nchi. Franklin Roosevelt alishinda, akaleta miradi ya kazi, udhibiti wa benki, na mwaka 1935 sheria ya hifadhi ya jamii.

*Uhai.* Hai, na ina pande zaidi ya mbili. Seneta Huey Long wa Louisiana alimshambulia Roosevelt kwa kufanya kidogo mno, akitaka utajiri wa matajiri uwekewe kikomo na ugawanywe. Mwanafunzi anayedhani siasa ni "ndiyo" na "hapana" anajifunza hapa kwamba unaweza kupigwa kutoka kulia na kushoto siku moja.

*Maandishi.* Kuna sauti. Roosevelt alizungumza redioni Machi 12, 1933, kuhusu benki, kwa lugha ya kumfafanulia jirani: fedha zako ziko salama kwenye benki iliyofunguliwa tena kuliko chini ya godoro. Chini ya robo saa darasa limemsikia. Hotuba za Hoover ni nzito zaidi, hivyo mwalimu afanye bidii kumtendea haki, asimwache Roosevelt ashinde kwa sababu ya redio.

*Muda.* Vipindi vinne, ukiongeza kimoja kwa jaribio la 1937 la kuongeza majaji wa Mahakama ya Juu kutoka 9 hadi 15, ambalo Seneti ililikataa.

*Waliokosekana.* Sheria ya 1935 iliwaacha nje wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani, kazi walizofanya Weusi wengi wa kusini.

*Unamfaa nani.* Wanafunzi wa uchumi na biashara, na wale wanaosoma Mdororo Mkuu kwa kuwa uko kwenye mtihani; hapa Tanganyika na Kenya bei za mazao kama mkonge na kahawa zilianguka miaka ile ile, kwa hiyo daraja lipo. Usiuchague kama wanafunzi hawajui benki inafanyaje kazi, maana utamaliza vipindi vyako ukieleza benki.

Kwa hali yako

Una vipindi viwili tu: chukua Singletary na Smith, au hotuba ya Atlanta na kurasa mbili za Du Bois. Lincoln na Douglas kwa vipindi viwili ni kuwadhulumu wanafunzi, maana wataondoka na jina la shujaa bila swali lake.

Unafundisha kwa mtihani wa Kenya, sehemu ya serikali za nchi nyingine: Katiba itakulipa vizuri kuliko mingine, kwa kuwa Seneti, majimbo na Mahakama ya Juu vyote vinaanzia hapo. Ukiwa Tanzania kidato cha tano, kwenye watu wenye asili ya Afrika kule Amerika, Washington na Du Bois wanaingia moja kwa moja. Ukiwa kwenye Mdororo Mkuu, chukua Roosevelt.

Darasa lako ni kubwa, watoto 70 au 80, na karatasi ni za kubahatisha: Roosevelt kwa simu na spika ndogo, au Smith na Singletary wakisomwa kwa sauti na wanafunzi wawili wenye koo zuri. Vipande vitatu vya Lincoln pia vinaweza kuandikwa ubaoni, lakini hakikisha una vipindi vya kuvimalizia.

Kiingereza cha wanafunzi ni dhaifu: soma chanzo kwa Kiingereza pole pole, kisha waruhusu wabishane kwa Kiswahili, na mwishoni waandike aya moja kwa Kiingereza. Nimeona hoja zikitoka kwa nguvu ambazo lugha ya mtihani ilikuwa imezifunga. Kwa njia hii hata insha ya 51 inawezekana.

Unataka wajifunze kupima vyanzo na kutambua habari iliyopindwa: Lincoln na Douglas, kwa ajili ya yale magazeti mawili, hata kama hutagusa sehemu nyingine.

Nawe mzazi uliyeko Marekani, ambaye mwanao anasoma haya shuleni kwa namna ambayo wakati mwingine inaishia kwa majina makubwa: muulize darasani wamefika wapi, kisha ongeza kinachokosekana. Wakiwa kwa Lincoln, mpe Frederick Douglass. Wakiwa kwenye Katiba, mwonyeshe kifungu cha tatu ya tano. Wakifika kwa Washington, mwambie habari za Kabete na za tume ya 1924, maana hiyo mwalimu wake huenda hana, na mtoto ataipeleka darasani yeye.